Watoto wa Kura

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi na nadhani katika mji huu mzima ni mimi peke yangu niliyefurahi. Watu walikuwa wanaruka madimbwi huku wanasonya. Mimi nilikuwa nayachungulia. Baada ya siku chache kila tairi kuukuu na kila ndoo iliyosahauliwa uani itakuwa na viluwiluwi wa mbu, na kazi yangu msimu huu ni kujua ni wepi kati yao walioanza kuizoea dawa tunayowapulizia.

Idara imenipa nafasi sita za wanafunzi wa shahada ya kwanza. Kwa kawaida nafasi hizi hazitangazwi popote. Mwanafunzi hujipitishapitisha mlangoni kwa mwalimu mpaka azoeleke, siku moja anaambiwa ingia ushike hiki, na huo ndio mwanzo wake wa utafiti. Baadaye mwalimu huyohuyo ndiye anayemwandikia barua ya kumsifu. Mwenye kibarua cha jioni au mtoto wa kwenda kumchukua hana muda wa kujipitisha popote. Mwaka huu nitatangaza darasani, anayetaka ajiandikishe, kisha tupige kura mbele ya wote. Kazi itakuwa ndani ya ratiba ya mchana, na posho watapata.

Nilimpelekea Mkuu wa idara wazo hilo. Yeye ndiye aliyenifundisha, na bado ananitazama kama mtu anayesubiri kusahihisha daftari langu. Alisema maabara si mchezo wa bahati. Nikamjibu kwamba mchezo wa bahati ni huu tulio nao sasa, ila hatuupigi kura. Alicheka. Nikachukua kile kicheko kuwa ruhusa nikaondoka kabla hajabadilisha mawazo.

Alhamisi, 6 Machi

Nilidhani watajiandikisha ishirini. Wamefika themanini na wengine bado wako mlangoni. Mmoja wao ni binti wa kaka yangu, yuko mwaka wa pili. Hakunisalimia kama shangazi yake. Aliandika jina akaenda zake. Nimempenda kwa hilo.

Ijumaa, 7 Machi

Tumepiga kura kwenye ukumbi mdogo. Ndoo, karatasi zilizokunjwa, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyehusika akawa ndiye mchotaji.

Karatasi ya kwanza ilitoa kijana anayeongoza darasa, yule wenzake wanayemwita Bingwa. Ukumbi ukaguna, maana huyo angepata nafasi hata bila kura. Ya pili ikamtoa kijana anayenyoa watu nywele kila jioni. Wanamwita Kinyozi, na alishangaa mpaka akakaa chini. Ya nne ikamtoa mwanamke mwenye watoto pacha, Mama Pacha, ambaye kwa mwaka mzima sijawahi kumsikia akiuliza swali darasani. Wengine watatu ni wasichana wawili wa bweni moja na kijana mrefu wa upande wa kemia.

Binti wa kaka hakutoka. Aliondoka kabla ya karatasi ya mwisho.

Jumamosi, 8 Machi

Kaka amenipigia simu. Aliongea muda mrefu kwa sauti ya upole, na mimi huogopa upole wake kuliko makelele yake. Alitaka kujua kuna faida gani ya mtu kuwa na dada chuoni. Wifi alichukua simu akasema wao hawana kinyongo, kwa namna ambayo ilinijulisha kinyongo kipo na kimeshapewa kiti.

Mama, ninayeishi naye, alikuwa anasikiliza huku anakunja nguo. Alisema mtoto angepata wangesema nimempendelea, amekosa wanasema nimemwonea, kwa hiyo nisijichoshe, nikale.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya kwanza ya kazi. Nimewafundisha kunyonya kiluwiluwi mmoja mmoja kwa bomba dogo bila kumbana, na kujaza trei. Kila mara trei nyingine hazitiwi dawa kabisa; hizo ni za kulinganishia. Viluwiluwi wa humo wanatakiwa kubaki hai, la sivyo hatujui waliokufa kwenye trei nyingine wameuawa na nini. Maji ya bomba yana dawa ya kusafishia, kwa hiyo tunatumia maji ya mvua kutoka pipa lililo nje chini ya mfereji wa paa.

Kinyozi anaongea mno. Aliwapa viluwiluwi majina ya wateja wake. Sijui kama atafaa.

Paa linavuja sehemu tatu. Nimeomba fundi tena.

Alhamisi, 20 Machi

Kuna jambo nililiona leo na likanikera kwa sababu lilikuwepo tangu mwanzo. Bingwa na yule mrefu wa kemia wamekalia hadubini. Mama Pacha na wasichana wa bweni wanaosha trei. Hakuna aliyewapanga, walijipanga wenyewe, kila mtu akaenda pale alipozoea kuwa. Kumbe mtu anaweza kushinda kura na bado akabaki nje ya utafiti akiwa ndani ya chumba.

Nimetengeneza zamu. Kila mmoja atakusanya, atahesabu, ataandika, ataosha. Bingwa alinifuata akaniambia kwa heshima kwamba kazi itakwenda polepole, kwani yeye anahesabu haraka zaidi. Nilimwambia ni kweli. Nikampa brashi ya kuoshea.

Jumanne, 25 Machi

Mama Pacha amekuja na pacha wake kwa sababu mavyaa yake anaumwa. Mmoja alilala kwenye kiti changu, mwingine alitaka kunywa viluwiluwi. Nilikunja uso, na nadhani aliniona.

Ijumaa, 28 Machi

Mafundi wamekuja, hatimaye. Wamepaka paa zima lami. Leo hakuna ndoo hata moja sakafuni. Nimewaagizia soda.

Jumapili, 30 Machi

Mvua kutwa. Mama anasema hata nguo zilizo kabatini zimelowa.

Jumanne, 1 Aprili

Nataka kuandika hili kwa mpangilio ili nisijidanganye baadaye.

Jana ilikuwa zamu ya Mama Pacha kujaza trei. Alijaza zote, zenye dawa na za kulinganishia, akaondoka saa yake. Leo mchana tulipofungua, viluwiluwi wote wamekufa. Si wa kwenye dawa tu. Hata wale wa kulinganishia walikuwa wameelea kama majani ya chai. Kazi ya wiki nzima ya kukusanya, na matairi tuliyoyapitia katika matope, vyote havina maana.

Niliuliza nani alishika nini. Mama Pacha alijibu ni yeye. Nikamuuliza kama alitumia bomba dogo lililoguswa na dawa ya mbu. Akasema hapana. Nikamuuliza tena. Nikamuuliza kama alikuwa na haraka. Hapo akanyamaza, maana kila mtu chumbani anajua yeye huwa na haraka.

Kwa bahati mbaya Mkuu wa idara alikuwa anapita. Aliingia, akatazama trei, akanitazama mimi. Hakupandisha sauti.

"Ndivyo ilivyo ukifanya kazi na watoto wa kura," alisema. "Hukuwachagua, kwa hiyo huwajui."

Alisema mbele yao wote. Mimi nilikuwa bado nahesabu maiti.

Jumatano, 2 Aprili

Mama Pacha hakuja. Alimtumia Kinyozi ujumbe kwamba anajiondoa, asije akaharibu tena, na tumpe nafasi mtu mwingine.

Niliwakalisha watano waliobaki nikataka kuwapa hotuba ya uangalifu. Kinyozi aliinua mkono kabla sijaanza. Alisema akinyoa wateja watano na wote watano wakatokwa na vipele, halaumu mkono, analaumu kilichowagusa wote. Trei zote zimeguswa na nini? Bingwa, aliyekuwa ananuna tangu nilipompa brashi, alikaa wima. Akasema maji. Mmoja wa wasichana akasema au trei zenyewe, labda sabuni imebaki. Yule mrefu akasema au joto la chumba. Wakaanza kubishana kwa sauti, wakanisahau.

Sikuwapa jibu, maana sikuwa nalo. Niliwaambia wapange jaribio wenyewe. Walichukua viluwiluwi wapya waliotoka ndoo moja, wakawagawa: maji ya pipa katika trei zilizooshwa, maji ya pipa katika trei mpya, maji ya chupa katika trei zilizooshwa, maji ya chupa katika trei mpya. Zote chumba kimoja, meza moja, hakuna dawa hata tone.

Alhamisi, 3 Aprili

Maji ya pipa yameua, trei mpya na zilizooshwa sawasawa. Maji ya chupa hayakuua hata mmoja.

Tulitoka nje sote. Bingwa alichota maji ya pipa kwa kiganja akayanusa, akaninusisha. Lami. Paa lilikuwa limepakwa Ijumaa, mvua ya Jumapili ikaliosha, na mfereji ukamimina yote ndani ya pipa letu. Paa nililolilalamikia mimi, mafundi niliowanywesha soda mimi. Mama Pacha angeweza kuzijaza trei zile kwa uangalifu wa daktari wa upasuaji, bado wangekufa.

Watano walikuwa wanapiga makofi kana kwamba tumegundua nyota. Niliwaacha wapige. Walikuwa na haki.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimekwenda nyumbani kwa Mama Pacha. Kinyozi alinielekeza: nyuma ya duka la mbao, ngazi za zege, mlango wa bluu. Mavyaa yake alinikaribisha, akaniuliza kama mimi ndiye mwalimu wa wadudu. Nikasema ndimi. Alisema mke wa mwanawe hajala vizuri tangu juzi, kisha akawachukua wale pacha wote wawili akatoka nao uani, na nikaelewa kwamba ameniachia nafasi.

Mama Pacha alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda na madaftari yake yakiwa yamerundikwa dirishani. Nilimweleza habari za lami. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atafurahi.

"Nimeshukuru kunijulisha, Mwalimu," alisema. "Lakini ulipouliza nani, ulinitazama mimi kwanza. Kabla hujaangalia hata zamu."

Nilitaka kusema hapana. Nikakumbuka uso niliokunja siku ya pacha, nikaona kwamba nilikuwa nimeshamhukumu tangu siku ile, nikingoja kosa tu lije.

"Ni kweli," nilimwambia. "Nilikutazama wewe kwanza. Nilikosea, na nitalisema hilo mbele ya waliokuwepo."

Alishusha daftari moja kutoka dirishani. Kisha akauliza walijuaje kama si trei. Nikamweleza yale makundi manne ya trei yalivyogawanywa. Akauliza kwa nini hawakuweka na maji ya mvua yaliyokingwa mbali na paa, ili kuhakikisha si mvua yenyewe. Hakuna aliyelifikiria hilo, mimi nikiwa wa kwanza. Nilimwambia hilo ni jaribio la Jumatatu na mwenye nalo ni yeye.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimesema mbele yao, kama nilivyoahidi. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyoogopa. Mama Pacha alikinga mvua kwa beseni katikati ya uwanja huku Kinyozi amemshikia mwavuli yeye na si beseni, wakicheka.

Mchana niliitwa kwa Mkuu wa idara. Alikuwa ameshasikia habari za lami na alikiri kwamba alisema haraka. Lakini, akasema, mvua zitaisha katikati ya Mei, kazi yote inaanza upya, na muda hautoshi kwa wanaojifunza. Anao vijana wanne wazoefu wa maabara yake. Nichukue hao, sita wangu wakae pembeni watazame.

Nilikataa. Akaniuliza kwa nini nauchukia mlango wake. Nilidhani anatania, nikakuta hatanii. Akanisimulia jambo ambalo sikulijua kwa miaka yote hii: alikuja chuoni hana mtu, akasimama mlangoni kwa mwalimu wake muhula mzima, mpaka mwalimu akachoka kumwona akamwingiza.

"Mlango ule ndio uliokuwa kura yangu," alisema. "Ndiyo maana namtafuta kijana anayesimama. Namwona mimi mwenyewe."

Nilikuwa nimemweka siku zote katika kundi la watu wanaopeana nafasi kwa kujuana. Ilinibidi nimtoe humo, pale pale, nikiwa nimesimama mbele ya meza yake.

"Na aliyekuwa kazini saa zile, Profesa," nilimuuliza, "alisimama wapi?"

Alitazama dirishani, mvua inavyopiga. Alisema nina mpaka katikati ya Mei, na wale sita ni wangu, matokeo yao ni yangu.

Jumatano, 9 Aprili

Maji ya beseni hayakuua. Ni lami, basi, bila shaka yoyote. Tumeanza upya.

Jumanne, 15 Aprili

Matairi. Matope. Matairi.

Jumatatu, 21 Aprili

Kazi ya asubuhi ni kukusanya, ya mchana ni kuhesabu. Mama Pacha hawezi asubuhi, Kinyozi hawezi jioni. Nilikuwa nimekaa kupanga ratiba, nikakuta Bingwa ameshaipanga na kuibandika ukutani. Yeye amejipa kukusanya alfajiri na kuosha trei. Nilimuuliza hadubini ameiachia nani. Alisema Mama Pacha anahesabu polepole lakini hesabu yake na ya mtu wa pili haijawahi kutofautiana, na yake mwenyewe hutofautiana. Aliliambia dirisha, si mimi, lakini alilisema.

Ijumaa, 2 Mei

Binti wa kaka amekuja maabara, amesema anapita tu. Alikaa saa nzima na Kinyozi akimuuliza maswali. Kinyozi alijibu yote bila mzaha hata mmoja. Nimeanza kuamini kwamba mizaha yake ni ya kuwafungulia watu mlango. Akishaingia mtu, anaacha.

Jumatano, 7 Mei

Mvua zinapungua. Tumebakiwa na sehemu moja ya kukusanya, kule kwenye gereji.

Jumatatu, 12 Mei

Tumemaliza. Viluwiluwi wa kwenye ndoo na mifereji wanakufa kwa dawa kama inavyotakiwa. Wa kwenye matairi, karibu nusu yao wanaogelea kesho yake kana kwamba tumewapa uji. Tumerudia, imekuwa hivyohivyo. Nilimwambia Mama nyumbani. Aliuliza kama hiyo ni habari njema. Nikasema kwa sisi ndiyo, kwa wengine hapana. Akasema basi tusiicheke hadharani.

Alhamisi, 15 Mei

Leo wameiwasilisha mbele ya idara nzima. Walikataa mtu mmoja kusema kwa niaba ya wote. Kila mmoja alisimama na sehemu yake. Yule mrefu wa kemia alisoma yake bila kuinua macho. Kinyozi alieleza habari za lami, ukumbi ukacheka na kisha ukanyamaza kusikiliza. Bingwa aliacha grafu nzuri kuliko zote ielezwe na msichana wa bweni aliyeichora.

Mwisho alisimama Mama Pacha. Alipomaliza, Mkuu wa idara aliinua mkono. Swali lake lilikuwa zito na la haki: tunajuaje kwamba viluwiluwi wa matairi wameizoea dawa, na si kwamba kuna kitu katika maji ya tairi kinachowapa nguvu?

Nilishika ukingo wa kiti. Jibu hatuna. Nimeona wanafunzi wa shahada za juu wakizama kwenye swali kama hilo, wakirusha maneno mpaka muda uishe.

"Hatujui, Profesa," alisema Mama Pacha.

Hakuonekana kuona aibu.

"Lakini tunajua jinsi ya kujua," aliendelea. "Mvua zijazo tutawalea wa matairi mpaka wawe mbu, watage kwenye maji safi, halafu watoto wao tuwape dawa ileile. Wakifa, ilikuwa maji. Wasipokufa, ni wao wenyewe."

Profesa alikuwa ameshatoa kalamu. Alimwomba arudie hapo kwenye kutaga.

Jumatano, 21 Mei

Kikao cha idara. Nilipendekeza nafasi zote za mara ya kwanza, katika maabara zote, zitangazwe, zipigiwe kura, na zifanyike mchana. Tulijadiliana mpaka chai ikapoa. Limepita kwa tofauti ya kura chache. Mkuu wa idara alipinga, kisha aliposhindwa akasema maabara yake iwe ya kwanza kufuata, kwa kuwa hapendi kujifunza mambo akiwa wa mwisho. Jioni Kaka alipiga simu kuulizia kura nyingine ni lini. Nilimjibu binti yake ameshajiandikisha, na nafasi yake ni sawa na ya wengine. Aliguna, akaniambia nimsalimie Mama.

Ijumaa, 30 Mei

Kura ya pili ilipigwa jana. Binti wa kaka amekosa tena; aliniambia yeye mwenyewe kwamba atajaribu muhula ujao, na nisimpe pole.

Lakini nataka kuandika la leo. Mkuu wa idara alikuja maabara yangu, jambo ambalo halifanyi, akamtafuta Mama Pacha. Alimwambia anahitaji mtu mzoefu wa kuwasimamia wapya wake, na angependa awe yeye. Sote tuliacha tulichokuwa tunafanya.

Mama Pacha alikausha mikono. Aliuliza ni saa ngapi. Profesa akasema wapya watafanya kazi mchana kama ilivyopitishwa, lakini wasimamizi hukutana naye saa kumi na moja jioni, kama miaka yote.

"Basi sitaweza, Profesa," alisema, bila kuinamisha kichwa wala kuomba radhi. "Saa sita mchana ningeweza."

Profesa alisimama pale, mikono nyuma. Nilimjua vya kutosha kuona kwamba hakukasirika. Alikuwa anafikiri, kwa namna ile anayofikiri akipewa swali ambalo halina njia ya mkato. Kisha akatoa kalamu mfukoni, akaniomba karatasi, akaandika saa sita.